Lita Moja, Trei Moja

Miaka sita nimekodi magari ya watu.
Daftari langu linajua: Chanika hadi Mabibo,
elfu ishirini na tano, siku ya mvua thelathini,
na dereva akinuna, soda juu yake.
Usiku mmoja, umeme umekatika,
nikajumlisha kwa mwanga wa simu, nikaona
nimeshanunua kirikuu mbili
na zote zimelala kwa wenyewe.

Ndipo nikamwambia Mwinchande dalali:
nitafutie. Ndogo. Isiyonywa.

Akaleta nyekundu, imeoshwa mpaka matairi yanameremeta,
redio inaongea kabla ya injini.
"Mama Zawena, gari hili halijawahi kulia."
Gari ambalo halijawahi kulia, nikamjibu,
halijawahi kubeba.

Fundi Chitemo hakusema neno.
Alitandika boksi lililochanwa, akalala chini,
akaanza kugonga chesisi kwa mpini wa bisibisi
na sikio amelitega.
Pa kwanza, chuma.
Pa pili, chuma.
Pa tatu, biskuti.
Akatoka na kutu kwenye nyusi.
"Wameipaka rangi," akasema, "hawakuitibu."

Ya pili ilikuwa ya kijivu,
mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba ya katani,
kiti kimebonyea umbo la mtu mnene
aliyekalia riziki yake miaka kumi.
Mwinchande aliionea haya, akaiegesha nyuma ya kontena.
Lakini iliwaka mara moja,
haikukohoa, haikubembelezwa.

Chitemo akachomoa mpira wa tangi
akautumbukiza kwenye chupa ya maji
yenye lita moja ya petroli, tumeipima wote tukiona.
"Twende mpaka iombe."
Chupa nikaipakata mimi.
Nyuma nikaweka trei moja ya mayai, thelathini,
bila gunia, bila kanga, bila huruma.

Ile nyekundu asubuhi, kwa chupa hiyohiyo,
ilikata roho hata Kipawa hatujaiona.
Hii tukaipita Kipawa. Tukaipita Banana,
tukakata kushoto kwa makusudi,
njia ya mashimo, njia ya matuta aliyoyajenga kila mwenye nyumba
kwa udongo wake na hasira zake.
Petroli nikaiona inashuka pole pole,
chini ya nembo ya kiwanda, chini ya kidole changu.
Sijawahi kuona pesa yangu ikitumika kwa adabu namna ile.
Mwinchande, tumembana katikati, akauliza
kama tunaendelea mpaka Moro.

Ilizimika Kitunda, mbele ya genge la mama muuza mihogo,
taratibu, kama mtu aliyemaliza sentensi.

Nikaenda nyuma. Nikahesabu kwa vidole.
Ishirini na nane mazima.
Mawili yana ufa, lakini hayajamwagika.

Petroli ya kurudi hakuna aliyeikumbuka.
Tukampigia bodaboda wa Chitemo, akasema dakika kumi,
tukajua ni saa nzima.
Yule mama akatukaangia yale mawili kwenye mafuta ya mihogo,
watu watatu, sahani moja.
Mwinchande alianza na milioni sita.
Jua likamfuata alipohamia, mara mbili.
Sikubishana. Nilitazama tu ile kamba ya katani,
nikaitazama tena.
Bodaboda alipofika na kidumu chake
tulikuwa kwenye nne na nusu, na Mwinchande anaomba maji.

Daftari bado ninalo. Chanika, Mabibo,
na badala ya jina la dereva naandika lita.
Kiti nimekizoea, au kimenizoea.
Chitemo ananikumbusha kila wiki kitasa cha mlango,
nami kila wiki namwambia wiki ijayo.
Abiria wangu ni mayai.
Hawajawahi kudai kushukia kushoto.